Jezi Nyekundu Siku ya Ngurumo

Niseme mapema ili asitokee wa kunikatiza katikati: ndiyo, yule mwanaume aliyevua nguo uwanjani Kibera mbele za watu, ambaye wengine mliambiwa alikuwa mlevi na wengine mkaambiwa kichwa kilikuwa kimemruka, ni mimi. Mlevi sikuwa. Afadhali ningekuwa mlevi, maana mlevi huamka kesho yake akiwa hakumbuki kitu, lakini mimi nakumbuka kila kitu, mpaka rangi ya viti walivyokalia wale akina mama.

Lakini mtanielewa vibaya nisipowaambia nilivyofika hapo. Nilitoka kwetu Kisii nikiwa nimemaliza kidato cha nne, nikidhani naenda Kericho kuchuma chai kwa msimu mmoja halafu nirudi. Sikurudi. Kericho nikaanza kutamani mvua ya Kisii, nikahamia Nakuru, Nakuru nikaanza kutamani baridi ya Kericho, nikaenda Naivasha kwenye mashamba ya maua, kisha Mombasa ambako nilijifunza kupaka rangi majumba (na kulala bila shuka), kisha Machakos, na kila nilipofika nilikuwa mtu wa kuwaambia wenyeji jinsi mahali nilipotoka palivyokuwa pazuri, mpaka wakanichoka. Miaka ilienda hivyo. Nilipofika Kawangware nilikuwa nimeshapita arobaini, nina begi moja, ngazi moja na brashi zangu, na sikuwa na mtu hata mmoja duniani wa kuniuliza mbona nimechelewa kurudi nyumbani.

Huko Kawangware nilipanga chumba karibu na Kioko, seremala kutoka Kitui, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri, ambaye alikuwa kapteni wa timu ya wazee. Timu ya wazee ni ile ya watu wenye vitambi wanaocheza Jumapili ili wapate sababu ya kulalamika magoti Jumatatu. Kioko aliniona nina mikono mirefu ya fundi rangi, akanifanya kipa siku hiyo hiyo, nami nikakubali, maana kipa hakimbii.

Sasa Zena. Nilijuana na Zena kwa ajili ya ukuta. Aliuza mapazia ya mitumba soko la Toi, alikuwa mjane, na alitaka sebule ya mama yake kule Makina, Kibera, ipakwe rangi kabla ya Idi. Mimi nikasema kijani kibichi, yeye akasema rangi ya maziwa, tukabishana wiki nzima kuhusu ukuta ambao mwenyewe alikuwa mama yake, na mwisho mama mtu akatoka chumbani akasema, "Pakeni hata nyeusi, lakini nyamazeni." Hapo ndipo nilipomsikia Zena akicheka, na niwaambie ukweli, katika kuhama kwangu kote, sikuwahi kusikia kitu kilichonifanya nitamani kuvua viatu na kukaa.

Kwao ni watu wa zamani sana Makina, Wanubi, Waislamu wanaoheshimika, ukitaja jina la mama yake mtu anakuonyesha nyumba kabla hujamaliza. Mimi nilikuwa tayari kwa yote. Nilikuwa tayari kusilimu, nilikuwa nimeshachagua jina la Yusufu, nilikuwa hata nimeanza kuliandika kwa brashi kwenye kipande cha mbao nione linavyokaa. Kilichobaki ni kaka yake, Rama, ambaye alikuwa kapteni wa timu ya wazee ya Makina, na mama yao, ambaye watu wote tulimwita Mama Rama.

Rama akanijia nikiwa juu ya ngazi. "Buda, Jumapili tunacheza na nyinyi. Mama atakuja kutazama, siku hizi anapenda mpira kushinda mimi. Tukimaliza unakuja nyumbani, unakula, unasema maneno yako."

"Na mama atakubali?"

"Uachie mabao mawili tu," akasema, "ndio nikutetee vizuri."

Basi kosa langu lilianza na kitu kidogo sana, kidogo hata naona aibu kukitaja: sikutaka kuvaa jezi ya kipa. Jezi ya kipa ilikuwa ya njano, imechanika kwapani, na kifuani ina doa la rangi ya mafuta lisilotoka kwa dawa yoyote. Wenzangu walikuwa na jezi nyekundu, mpya kabisa, nyekundu ya kuumiza macho. Nikajiambia, mama wa watu aje kumtazama mkwe, amkute na kwapa linalopepea? Nikamwomba Kioko jezi nyekundu. Refa akanitazama, akatikisa kichwa, akasema mpira wa wazee hauna sheria, twendeni. (Na kwa kuwa nilitaka kujiona nadhifu kutoka ndani mpaka nje, nilikuwa nimenunua Toi boksa nzuri ambayo karibu ni mpya, ina picha za ndege wale wafupi wa kwenye barafu. Nayo ilikuwa nyekundu. Kumbukeni hilo.)

Mtu wa kwetu hawezi kufanya hivyo bila kujua anachofanya. Kwetu Kisii radi si hadithi. Mvua ikianza kunguruma, bibi yangu aliacha mahindi yanyeshewe uani akakimbilia kwanza nguo nyekundu kwenye kamba. Vioo vilifunikwa, sufuria ziliingizwa ndani, ukuta hauegemewi, mti hausimamiwi, na mtu aliyevaa nyekundu alivua pale pale bila kuulizwa, awe mgeni, awe mwalimu, awe ni mchungaji. Msiniulize kama ni kweli. Mimi nilisoma fizikia, najua radi haina macho ya kuchagua rangi. Lakini fizikia nilifundishwa na mwalimu na hili nilifundishwa na bibi, na mwili wangu unamjua bibi zaidi. Jumapili ile, hata hivyo, anga lilikuwa safi kama sahani, nami nikajiambia, Nairobi hakuna radi ya maana.

Uwanja wenyewe uko upande wa Kambi Muru, udongo mwekundu, mawe huku na huku, mabati yamesogea mpaka karibu na mstari. Kipindi cha kwanza nilicheza kama sijawahi kucheza. Nilidaka, nikaruka, nikateleza, nikaamka nikijipangusa kwa madaha. Kioko akafunga bao kwa goti, kwa bahati tu, akashangilia kana kwamba alikusudia. Mama Rama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki cha buluu kando ya goli la upande wa pili, Zena amesimama nyuma yake na leso mabegani, na tulipobadilisha pande kipindi cha pili nikajikuta niko karibu nao kabisa, hata nikaweza kumsikia mama mtu akiuliza, "Ndiye huyu mrefu?" na Zena akijibu, "Ndiye."

Hapo ndipo wingu lilipotokea upande wa Ngong.

Likaja jeusi, haraka, na likaanza kuguna. Kama hujawahi kutazama wachezaji wakati wa ngurumo, siku moja watazame, utasahau mpira. Wanaendelea kukimbia, lakini shingo zimeingia mabegani kama kobe. Anayepewa pasi anaitoa upesi kama kaa la moto, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa katikati ya uwanja peke yake. Beki wetu mmoja alipata jeraha la ghafla akachechemea mpaka nje, na alipofika chini ya kibaraza cha mabati akapona. Winga wa Makina alivua bangili ya shaba akamrushia mkewe. Kipa wao kule mbali nilimwona midomo inacheza, anasoma dua. Na Kioko, ambaye kwao Kitui mvua ni sherehe, alikuwa ameinua uso na mikono anacheka, "Njoo! Njoo mama!" Mimi nilikuwa nimesimama katikati ya milingoti ya chuma, nimevaa nyekundu juu na nyekundu ndani.

Nikamwita Kioko kwa sauti ya chini. "Kapteni, ile jezi ya njano iko wapi?"

"Ya njano? Si nimeichana nikafungia wavu."

Nikageuka. Kweli, vipande vya njano vilikuwa vimefunga wavu kwenye mlingoti, fundo zuri kabisa la seremala.

Ikapiga moja kubwa, mabati yakatetemeka, na refa akapuliza filimbi akawaita makapteni. "Wazee, hii anga siipendi. Tuvunje mchezo?"

Na ingeishia hapo. Kama mngejua nilivyotamani iishie hapo! Lakini Rama akacheka akageuka akanionyesha kidole, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwenye viti, "Si tuko na Mkisii hapa? Radi ni majirani zao. Wacha yeye aseme."

Wote wakanitazama. Timu mbili nzima, refa, watu wa kando, Mama Rama. Zena alikuwa ametabasamu kidogo, tabasamu la mtu anayejua utajibu vizuri. Na mimi, ambaye ndani yangu nilikuwa mtoto wa kukimbilia chini ya kitanda, nikaweka mikono kiunoni nikatazama wingu kama mtu anayetazama ng'ombe wa kununua.

"Hiyo?" nikasema. "Hiyo iko Ngong. Kwetu hicho tunakiita kikohozi. Chezeni."

Watu wakapiga makofi. Rama akaja akanipiga begani mbele ya kila mtu: "Shemeji yangu simba!" Hakuwahi kuniita shemeji. Zena akaficha uso kwa leso, na mama yake akacheka kidogo, na beki wetu aliyekuwa amepona kibarazani akaona haya akarudi uwanjani. Wote wakarudi kwa neno langu.

Mvua ikaanza, matone mazito ya kupiga kama mawe. Rama akapata mpira kushoto, akampita mtu, akampita mwingine, akaja kwangu peke yake, akainua mguu kupiga, na hapo hapo nyuma ya goli langu kukatoka mwanga wa buluu na mlipuko ulionitoa roho.

Nisikilizeni sasa. Yeyote aliyewahi kuishi Kibera anajua ni nini. Nyuma ya lile goli palikuwa na nguzo, na juu ya nguzo transfoma iliyobebeshwa nyaya nyingi kuliko inavyoweza, na mvua ikinyesha tu hulipuka, na watu husema "aah, stima imeenda" wakawasha mishumaa. Hata watoto hawageuki. Lakini mimi nilikuwa mtu wa Kawangware, na kabla ya hapo mtu wa Kisii, na kilichokuwa mgongoni mwangu, kwa mwili wangu, ilikuwa radi imekuja kuchukua kilicho chake.

Nikavua. Jezi ilitoka kichwani bila mimi kujua, kaptura ikafuata, nikawa napiga kelele, "Vueni nyekundu! Vueni nyekundu!" Wenzangu wakasimama wakanitazama na mvua ikiwatiririka usoni. Nikatazama chini nikaona boksa. Nikaona wale ndege wafupi wote wananiangalia kutoka kwenye wekundu ule. Nami nikaishika boksa nikaishusha mpaka magotini, nikajaribu kukimbia nayo ikiwa magotini, nikaanguka kifudifudi matopeni, kama hatua chache kutoka kwenye kiti cha buluu.

Ikasikika mvua tu. Mpira wa Rama, ambao aliupiga nusu kwa mshtuko, ukapita polepole kando yangu ukaingia golini, na refa (Mungu amsamehe) akapuliza: bao.

Kisha mtu mmoja kutoka kwenye kibaraza akasema, kwa sauti ya kumwelewesha mtu mgonjwa, "Mzee, hiyo ni transfoma."

Mliwahi kusikia uwanja mzima ukicheka kwa pamoja? Ngurumo ilikuwa afadhali. Walicheka mpaka wakashikana, wakacheka wa Makina na wa Kawangware, Kioko alikaa chini kabisa kwenye maji, na kijana mmoja akaanza kuimba "Trans-fo-ma! Trans-fo-ma!" wakampokea. Nilibaki nimelala vile vile. Sikujua nianze kufunika upande gani.

Katikati ya kelele ile nikasikia sauti ya Mama Rama, bila hasira: "Mfunikeni huyo mtu. Ni mgeni wangu." Leso ikanishukia mgongoni. Nilijua ni ya nani kwa harufu ya udi. Nilipoinua macho Zena alikuwa ameinama juu yangu, ndiye mtu pekee pale ambaye hakuwa akicheka, na nikajifariji nikasema, huyu ananihurumia, basi bado kuna kitu. Nikajifunga leso ile kiunoni nikavuka uwanja, nikavuka barabara, nikaenda nayo mpaka Kawangware kwa miguu, sikwenda kula kwao wala sikusema maneno yangu.

Siku tatu nne nilijificha, kisha nikaenda Toi. Nilikuwa nimetayarisha mzaha, nilidhani tukicheka pamoja itaisha. Zena alikuwa anakunja mapazia. Aliniwekea kigoda kama kawaida, akaniuliza afya, akaniruhusu nimalize mzaha wangu wote. Hakucheka.

"Ombati," akasema, "mambo ya nguo mimi nimesahau. Hata mama amesahau, anasema marehemu baba aliwahi kuanguka chooni harusini. Nikuulize tu. Ulianza kuogopa saa ngapi?"

"Wingu lilipotokea tu," nikasema. Sikuweza kumdanganya.

"Kabla refa hajasimamisha?"

"Kabla."

"Na ukasema wacheze."

Nikasema haikuwa radi, ilikuwa transfoma, kila mtu aliona.

"Wewe ulijua ni transfoma?"

Akaendelea kukunja pazia, pembe kwa pembe, taratibu.

"Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Asubuhi ile nilimwambia breki zinalia, akaniambia hakuna shida, mbele ya turniboi, msaidizi wake wa lori, sababu hakutaka turniboi ajue anaogopa. Sikuolewa tena kwa sababu hiyo. Nikakuona wewe, nikasema huyu anabishana na mimi juu ya rangi ya ukuta, huyu husema anachofikiri." Akaweka pazia juu ya mengine. "Rama ni kaka yangu mmoja tu. Ulimrudisha pale ukiamini anaweza kufa. Ulimrudisha kwa sababu tulikuwa tunakutazama."

Akaniambia nisikasirike, akaniambia mama ananisalimu, na ukuta unapendeza. Nikasimama nikagonga kichwa kwenye fimbo ya mapazia, yakaniangukia yote, na hata hapo hakucheka.

Baada ya hapo Kawangware haikukalika. Jina lilivuka kabla yangu. Nikiwa juu ya ngazi mtu anapita chini anasema, "Fundi Transfoma, leo kuna wingu, shikilia suruali!" Mama mmoja mwenye nyumba aliniambia kwa upole kwamba angependa kazi iishe kabla ya mvua. Hayo ningeyavumilia, nimevumilia mabaya zaidi Naivasha. Lakini usiku, nikilala, nilikuwa sioni uwanja ukicheka. Nilikuwa nawaona wale wanaume wakirudi uwanjani, mmoja mmoja, kwa sababu mimi nimesema ni kikohozi.

Basi nikaweka nadhiri, na sijaivunja: anga likiguna, mimi ni wa kwanza kuondoka uwanjani, hata kama tunaongoza, hata kama tunacheza na nani, na nitasema kwa sauti kwamba naondoka kwa sababu naogopa, na anayetaka kuniita mwanamke aniite akiwa kibarazani. Na mtu akiniuliza tena kama tuendelee, hatapata kwangu jibu lingine ila twendeni ndani.

Siku niliyoondoka Kawangware kabisa, jua lilikuwa kali. Nilimwachia Kioko ngazi, kwa kuwa alikuwa ameshaibadilisha mbao zote kwa mbao zake, na akanisindikiza mpaka kwenye lango la plot tulimopanga akiwa ameshika begi langu, hataki kuliachia.

"Sasa unaenda wapi?"

"Kitale, labda. Ama Eldoret."

"Kuna nini huko?"

"Hakuna kitu. Lakini hakuna mtu anayenijua."

Kioko, jamaa wa watu, akanipa begi.

"Watakujua tu, buda," akasema. "Wape muda."